Wazee wa baiskeli Dodoma, lori likikupigia honi kwa nyuma unashuka lami au unabaki?

Baba Neema wa Ihumwa aliandika:

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri maana toka Jumatano sina amani.

Mimi nauza maziwa. Saa kumi na nusu alfajiri nakuwa nimeshakusanya kwa wafugaji huku Ihumwa, saa kumi na moja na kitu niko barabarani naelekea mjini. Baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani, kwenye keria nimefunga madumu mawili ya lita ishirini moja kulia moja kushoto, kwahiyo upana wangu siyo wa baiskeli tena, ni kama wa ng'ombe. Naanzia Nane Nane pale stendi kuu kwa wapika chai, naingia Makole, namalizia Majengo kwa mama ntilie. Mwaka wa sita huu nafanya hii kazi. Kiwanja nimenunua kwa hayo madumu, ada ya Neema inatoka humo humo.

Sasa Jumatano sijafika Nzuguni, bado giza, mbele yangu linakuja basi limetoka stendi limewasha full, sioni kitu, naona weupe tu. Nyuma yangu nasikia semi, yani lori la tela. Likapiga honi ile ndefu isiyokatika. Nikajua hapa hatuenei watatu, mimi ndo natakiwa kupotea. Nikakata kushoto nishuke. Pale lami na udongo vimeachana, mvua zimekula pembeni, ukishuka ni kama kiganja kizima cha mkono, tairi la mbele likadumbukia usukani ukageuka wenyewe, nikaangukia ubavu wa kushoto, miguu ikabaki juu ya lami. Nikaivuta. Sijui niliivuta na akili gani. Tela lilipita pale pale, joto la matairi nililisikia usoni na changarawe zikanipiga mgongoni.

Lori halikusimama, basi halikusimama. Dumu moja lilipasuka kwenye kona ya chini, yakamwagika yote, maziwa yanaingia kwenye ule udongo mwekundu nayaangalia tu. Nikakaa chini mpaka kukapambazuka ndo nikaweza kusimama.

Mke wangu anasema uza baiskeli. Nikiuza nabeba maziwa na nini? Bodaboda asubuhi na kurudi inakula faida yote. Pikipiki sina uwezo nayo kwa sasa.

Maswali yangu, moja, hivi baiskeli tuna haki ya kukaa juu ya lami au ile ni ya magari sisi tunaazima? Pili, honi ikipigwa nifanyeje, nishuke au nibaki? Maana nimegundua miaka yote hii nimekuwa nikishuka kila honi na sikuwahi kujiuliza. Tatu kama kuna dereva wa malori humu aniambie ukweli, huwa mnatuona?

Kijana wa Chilonwa aliandika:

Pole sana mkuu, shukuru Mungu miguu ipo. Mimi ushauri wangu ni mmoja, pita upande wa kulia. Mimi naendesha nikiyatazama magari usoni, nikiona jinga linakuja nashuka mapema. Kufa kwa kitu ambacho hukukiona ndo kinachoumiza.

Mlinzi Ipagala aliandika:

Baba Neema pole mdogo wangu. Ngoja kwanza nimjibu kijana wa Chilonwa maana ushauri wake ni wa hatari na watu wengi sana wanaufuata.

Kijana, anayetakiwa kuyatazama magari usoni ni mtembea kwa miguu. Baiskeli ni chombo, inakaa kushoto pamoja na vyombo vingine, sheria ndo inavyotaka. Na hata ukiacha sheria piga hesabu. Baiskeli inatembea kilomita 15 kwa saa, gari 50. Mkielekea upande mmoja anakufikia kwa tofauti, yani 35. Mkikutana uso kwa uso mnajumlisha, inakuwa 65. Muda wa yeye kukuona na kufanya uamuzi unapungua karibu nusu. Halafu kuna hili la njia panda, dereva anayetoka kwenye barabara ya vumbi akitaka kuingia kushoto anaangalia kulia tu kwasababu magari yanatokea kulia. Wewe unatokea kushoto kwake. Hakutazami kabisa. Nimeshamuokota mtu mmoja pale Nzuguni kwa staili hiyo hiyo, na dereva alikuwa analia anasema kweli sikumuona, na mimi namuamini.

Sasa Baba Neema. Mimi nina miaka 58, naendesha baiskeli Ipagala mpaka Mtumba kwenye mji wa serikali, nalinda saiti ya ujenzi, na nilikuwa naendesha barabara hii kabla serikali haijahamia huku, kabla ya 2016, wakati ule ukipishana na gari kumi mpaka Ihumwa ni nyingi. Sasa hivi asubuhi ni msururu wa wafanyakazi wanawahi Mtumba, mabasi yanakimbilia Dar, malori yanaingia, na barabara imebaki ya njia mbili kama zamani sehemu kubwa.

Lami ni yako. Usiione kama umeazima. Ila kosa ulilofanya miaka yote, na mimi nililifanya, ni kuendesha juu ya ule mstari wa mwisho kabisa wa lami ukidhani unampisha mtu. Ukikaa pembeni kabisa mambo mawili yanatokea. Dereva anaona nafasi ipo, anajipenyeza bila kupunguza spidi na huku kuna gari linakuja mbele yake. Na wewe huna pa kurudi, ukiyumba kidogo umedumbukia. Kaa ndani kama hatua moja ya mtu mzima kutoka ukingoni. Pale dereva analazimika kufikiri, ama asubiri ama atoke nje akupite vizuri. Na ukitishwa unayo hiyo hatua moja ya kurudi bado uko juu ya lami.

Kuna kitu kingine hukukitaja lakini najua kilikuwepo, upepo. Semi likikupita linakusukuma kwanza nje, halafu katikati ya bodi na tela linakuvuta ndani. Mtu asiyejua anapambana na ule msukumo wa kwanza anaegemea kulia, kumbe ndo anajitupa kwenye tela. Likifika acha kupiga pedeli, shika usukani imara lakini viwiko vilegee, angalia mbele mbali usiangalie tairi. Sekunde nne tano limepita. Na miezi ile ya upepo wetu wa Dodoma, kuanzia wa saba mpaka wa tisa, ongeza tahadhari mara mbili, kwa sababu lori linakukinga upepo ghafla halafu linakuachia ghafla.

Kushuka unashuka, sijasema ufe na haki yako. Lakini shuka kwa kuchagua. Ukiona mwanga wa basi mbele na unasikia semi nyuma, usisubiri honi. Tafuta mahali pembeni pako sawa, punguza, shuka na tairi limenyooka, simama, weka mguu chini. Honi ikishapigwa umechelewa, unashuka kwa woga na tairi linaingia kwa upande. Hicho ndo kilichokuangusha.

Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Huenda tunapishana kila siku.

Dereva wa Rusumo aliandika:

Mimi ni dereva wa semi, napiga Dar mpaka Rusumo kwa njia ya Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mwaka wa kumi na moja. Umeuliza kama tunawaona, nakujibu ukweli kama ulivyoomba. Usiku, mara nyingi hatuwaoni mpaka mmekaribia mno.

Nikiwasha dim naona mbele vizuri labda mita 40, mtu wa nguo nyeusi pungufu ya hapo. Nikiwa na 80 ambayo ndo mwisho wetu sisi magari makubwa nje ya mji, natembea mita 22 kila sekunde. Piga hesabu, kutoka kukuona mpaka kukufikia hazifiki sekunde mbili, na moja nzima imeisha kabla mguu haujagusa breki. Nina tani karibu 30 za mzigo nyuma. Lile gari halisimami. Ndo maana unasikia honi, honi ni kitu pekee ninachoweza kufanya kwa muda huo. Halafu basi likinipiga full na mimi nakuwa kipofu kama wewe, tofauti yetu mimi niko ndani ya chuma.

Lakini sitetei aliyekupita. Pale Nzuguni ni makazi, vibao vya 50 vipo, na alfajiri kila dereva wa njia hii anajua kuna watu wa maziwa, wa mkaa, wa mboga. Aliyekufanyia vile alikuwa na spidi ya porini ndani ya makazi. Mwenzangu anayesoma hapa, tukimkuta mtu wa baiskeli na mbele kuna gari linakuja, nyanyua mguu, kaa nyuma yake. Utapoteza sekunde kumi. Hakuna foleni ya mizani wala muda wa tajiri unaozidi hizo sekunde kumi. Nafundisha vijana wangu, kumpita baiskeli ni kuovateki kama kuovateki gari, unatoka, unampita, ukishamuona kwenye saidi mira ya kushoto yuko nyuma ya tela lote ndo unarudi. Wengi wanarudi mapema, kichwa cha gari kimempita mtu salama halafu tela ndo linamfagia. Wenzetu kama Ufaransa wameandika kabisa kwenye sheria, mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Mimi natumia kipimo hicho hicho, urefu wa mlango wangu ukifunguliwa wote.

Na nyie kuna mambo mawili nawaomba. La kwanza honi. Siyo kila honi inasema shuka. Honi fupi mbili kutoka mbali nakwambia nipo nyuma yako, nyoosha tu usiyumbe. Ile ndefu isiyokatika ni ya mtu aliyechanganyikiwa au asiye na utu, hiyo toka. La pili, kwenye kona na kwenye kipilefti msikae ubavuni kwangu kushoto. Ninakaa kulia, kushoto chini kabisa karibu na mlango wa utingo kuna eneo zima silioni hata nikiwa na vioo vyote. Nikikata kushoto, kichwa kinakwenda mbali lakini tela linakata kona kwa ndani, linapanda mpaka kwenye ukingo. Ukiwa pale ndani hakuna atakayejua mpaka tumesikia kelele. Ukiona semi linawasha indiketa baki nyuma. Ukiona halijawasha lakini limejitanua kulia kwenye njia panda, baki nyuma vile vile, linajiandaa kukata kushoto.

Mama Chausiku aliandika:

Poleni ndugu zangu, kaka Baba Neema pole sana. Mimi nizungumzie lile la baada ya ajali maana naona hakuna aliyeligusa.

Niligongwa miaka mitatu iliyopita barabara ya Iringa, nimetoka Mpunguzi na ndoo ya zabibu kwenye keria. Noah ilinipita karibu, saidi mira ikanipiga kiwiko cha kulia nikaanguka, zabibu zote chini. Yule dereva alisimama, namshukuru kwa hilo, akashuka akatoa elfu thelathini akasema mama tumalizane hapa hapa, polisi watatupotezea muda wote wawili. Mkono ulikuwa na ganzi, sikusikia maumivu, nikawa nimeshanyoosha mkono wa kushoto kupokea. Kijana mmoja wa mkaa alikuwa nyuma yangu na baiskeli yake akasema mama usipokee. Akachukua kipande cha mkaa akaandika namba za gari kwenye mfuniko wa ndoo yangu. Ule mfuniko ninao mpaka leo.

Jioni mkono ulivimba kama mguu. Kipimo kilionyesha mfupa wa kiwiko umepasuka. Miezi mitatu sikufua, sikuchota maji, sikushika jembe. Elfu thelathini ingekuwa imeisha siku ya pili.

Kwahiyo sikilizeni. Ukigongwa na gari hata kama unasimama na kutembea, usimalizane barabarani. Chukua namba za gari, mashahidi wawili na simu zao. Nenda polisi wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali, na askari aje kuchora mchoro wa ajali. Risiti zote tunza mpaka ya panadol. Halafu kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima angalau ile ndogo, na hiyo bima ndogo kazi yake ni kumlipa aliyeumizwa na lile gari, yani wewe wa baiskeli, wewe wa miguu. Watu wengi wanadhani bima ni ya mwenye gari. Kwa namba za gari tu unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Mimi nilisaidiwa na binti wa jirani anayesoma UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, akaniandikia barua, tukapeleka na nakala za polisi na za hospitali. Ilichukua muda, nilizungushwa, niliambiwa njoo kesho mara nyingi sana, lakini nililipwa, na zile hela ndo nimefungulia kibanda.

Kaka kwa hilo lako la Jumatano, kwasababu hukupata namba ni ngumu. Ila nenda kituoni ukatoe taarifa hata hivyo, taja saa na mahali. Mkienda wengi wa maziwa kulalamikia eneo lile lile trafiki na tochi ya kupima spidi wataanza kukaa pale alfajiri. Kwetu ilikuwa hivyo.

Kijana wa Chilonwa aliandika:

Mzee wa Ipagala nimekusoma. Hiyo hesabu ya 65 sikuwahi kuifikiria aisee, na kweli mwezi uliopita kuna gari lilitoka njia ya vumbi likanikosa kidogo nikalitukana dereva. Kesho narudi kushoto.

Fundi Spoku Sabasaba aliandika:

Baba Neema mimi ni fundi baiskeli. Zile stika za rifrekta nyekundu na nyeupe wanazobandika nyuma ya malori zinauzwa kwa vipande. Bandika nyekundu nyuma ya kila dumu na kwenye madigadi, ili dereva aone upana wako siyo aone nukta moja katikati. Nyingine zungushia kwenye pedeli, zikipanda na kushuka dereva anajua mara moja hii ni baiskeli inatembea siyo kibao. Nyuma weka taa nyekundu, mbele tochi nyeupe. Saidi mira ya pikipiki inafunga vizuri kwenye usukani wa Phoenix upande wa kulia, hiyo ndo itakuokoa kuliko vyote kwasababu utaliona semi kabla halijakupigia honi. Na breki zako ziangalie, na lita arobaini nyuma zile breki za mpira zikichakaa hazisimamishi kitu. Funga madumu chini usawa wa ekseli, watu wanayafunga juu sana baiskeli inayumba kila ukipiga pedeli.

Baba Neema wa Ihumwa aliandika:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Aliposikia ya Mama Chausiku alinyamaza kwanza, halafu akasema kama ni hivyo basi anza na taa.

Leo Jumatatu ndo nimerudi barabarani. Stika nimebandika, saidi mira nimepata kwa rafiki yangu wa bodaboda, imepasuka kona lakini inaonyesha. Madumu nimeyashusha chini kama fundi alivyosema na kweli baiskeli imetulia. Nimekaa ile hatua moja ndani. Mwanzoni mikono ilikuwa inatetemeka, nilihisi kama nafanya kosa. Karibu na Nzuguni nikaona taa kwenye kioo, semi, na mbele mabasi mawili yameongozana. Nikasema ngoja. Lile semi likapunguza likakaa nyuma yangu, nasikia tu linahema, mabasi yakapita, likatoka kulia likanipita mbali kabisa, honi fupi mbili. Dereva wa Rusumo kama ni wewe asante, na kama siyo wewe msalimie.

Mahali nilipoanguka nimesimama nikapima kwa mkono, ni kiganja na vidole viwili. Jioni tunakwenda watu saba wa maziwa kutoa taarifa kituoni, na barua ya kwenda TANROADS, wakala wa barabara, kuhusu ule ukingo mwalimu mmoja hapa mtaani ametuandikia, kesho naipeleka mwenyewe nikimaliza kugawa.

Mzee wa Ipagala, kuna mtu mwenye koti la kijani nimepishana naye kabla ya kufika Nane Nane, nikapiga kengele akanyanyua mkono. Ni wewe?

Mlinzi Ipagala aliandika:

Ndo mimi. Nilikuona toka mbali, zile stika zinawaka.